Juu ya njumu za Wafransa: mti mwekundu na mti mweupe

Wako watu wenye kudhani ya kuwa kutazama viti na makabati ni kazi ya wachuuzi na ya mabibi wenye nyumba kubwa, wala haiwahusu mapadri na waseminari. Sisi hatuoni hivyo. Kitabu chaweza kusema uwongo kwa maneno mazuri, na picha ya rangi yaweza kumsifu yule aliyeilipa. Lakini kabati lina mgongo. Nyuma yake, upande unaoelekea ukuta, mahali asipotazama mgeni, fundi huacha kazi yake ilivyo: alama za randa, mbao zisizong'arishwa, misumari aliyoificha upande wa mbele. Mwenye kujua kuligeuza kabati hujua mengi juu ya watu walioliagiza, na juu ya watu waliolitengeneza.

Basi tumependa kuwaandikia ndugu zetu juu ya vyombo vya mbao vyenye njumu vilivyotengenezwa Ufaransa, hasa Paris, kati ya mwaka 1800 na mwaka 1830 hivi. Miaka hiyo ni michache, lakini ndani yake mna namna mbili zilizo mbalimbali kabisa. Kuna ile ya Kaisari Napoleon, yenye mti mwekundu na shaba iliyopakwa dhahabu. Tena kuna ile ya wafalme wa ukoo wa Bourbon waliorudi baada yake, yenye mbao nyeupe zilizochorwa kwa mti mweusi. Wengi huisifu sana ile ya kwanza, na hii ya pili huipita mbio, kama mtu apitaye kijiji kisicho na soko. Hukumu yetu ni kinyume cha hiyo, nasi tutajaribu kutoa sababu, maana hukumu isiyo na sababu ni kelele tu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Watu wa pwani husema njumu wakitaja kazi ya kupachika kitu cha rangi moja ndani ya kitu cha rangi nyingine, kwa mfano fedha ndani ya mpini wa kisu. Wafransa wana majina mawili kwa kazi hiyo, na tofauti yake si ndogo. Katika enkrustasyo fundi huchimba ubao, kisha huingiza kipande katika shimo, kama jino katika ufizi. Katika marketeri hachimbi kitu. Hukata sura na uwanja wake vyote pamoja katika mbao nyembamba sana, za milimita moja au mbili, huunganisha vipande kama mtu ashonaye viraka, na mwisho hubandika nguo hiyo yote ya mti juu ya mwili wa kabati kwa gundi ya moto iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama.

Na ukataji wenyewe ni jambo la kustaajabisha. Fundi huweka ubao mwembamba mweupe juu ya ubao mwembamba mweusi, hubandika juu yake karatasi yenye mchoro, kisha hukata zote mbili kwa mara moja kwa msumeno mwembamba kama uzi. Kazi hiyo huifanya amekaa juu ya benchi kama mpanda farasi, mguu mmoja huku na mmoja kule. Ndiyo sababu benchi lenyewe huitwa chevalet, maana yake farasi mdogo. Kwa mguu hukaza kibanio kishikacho mbao, kwa mkono huvuta msumeno. Akimaliza, ana jani jeusi liwezalo kukaa katika uwanja mweupe, na jani jeupe liwezalo kukaa katika uwanja mweusi. Kukata ni kumoja, picha ni mbili, wala hakuna kilichopotea. André-Charles Boulle, aliyeishi tangu 1642 hata 1732, alipata sifa kubwa kwa kufanya hivyo na shaba na gamba la kasa. Na fundi akitaka kivuli upande mmoja wa jani, hulichovya kidogo katika mchanga wa moto, mpaka ukingo wake uungue kwa kiasi. Akizidisha kidogo tu, jani ni la kutupwa.

Hapa twakutana na neno zito. Tulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa akili nyingi, aliyezoea kusema ya kuwa kazi hii yote ni unafiki: nje mti wa thamani, ndani mti wa kuni. Yeye alipenda ubao mzima, ulio sawasawa nje na ndani, kama roho ya mtu mwaminifu. Mfano huo ni mzuri kwa mahubiri, lakini kwa mbao si wa kweli, na inafaa tuseme kwa nini.

Katika mashina ya miti fulani ya Ulaya, kama ormi na frene, hutokea vimbe kubwa, mara nyingi mahali mti ulipojeruhiwa au kusumbuliwa. Wafransa huita vimbe hizo lupe. Ndani yake nyuzi za mti hazipandi juu kama kawaida. Huzunguka, hujikunja, hufanya macho na mawimbi. Hakuna ubao mzuri kushinda ule. Lakini umkatie seremala kipande kinene cha lupe, naye akifanye mlango: baada ya majira machache ya joto na baridi mlango utapinda na kupasuka, kwa sababu kila upande wa mti unavuta njia yake. Lupe yaweza kutumika kwa unyofu namna moja tu, yaani ikatwe nyembamba na kubandikwa juu ya mti mtulivu, mwaloni au msonobari, wenye kubeba mzigo bila kugeuka. Fundi anayefanya hivyo hadanganyi mtu. Anampa kila mti kazi anayoiweza. Tena mnunuzi yeyote akivuta mtoto wa meza na kutazama ubavuni, anaona mwaloni wazi, bila kifuniko.

Uwongo uko, lakini uko mahali pengine: katika mti wa bei ndogo uliopakwa rangi ufanane na mti wa bei kubwa. (Sisi wenyewe tumeona madhabahu za saruji zilizochorwa mishipa ya marumaru. Juu ya hizo tungeweza kujaza ukurasa mzima, lakini tuziache.)

Mafundi wa kazi hii walikaa wapi? Wengi walikaa upande wa mashariki wa Paris, katika mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, na habari ya mtaa huo yafaa kujulikana na watu wa Kanisa. Ulipata uhuru wake kwa njia ya masista. Abasia ya Saint-Antoine-des-Champs, ya masista wa shirika la Cîteaux, ilikuwa na mamlaka juu ya ardhi ile; na tangu mwaka 1471, kwa amri ya Mfalme Louis XI, mafundi waliokaa humo hawakushurutishwa kuingia katika chama cha mafundi wa mji. Katika mji wenyewe chama kilikuwa na sheria kali: seremala asiguse shaba, mwenye kuyeyusha shaba asiguse mbao, na mgeni alipe sana kabla ya kufungua atelie. Kumbe ng'ambo, chini ya kivuli cha ukuta wa masista, mgeni aliweza kufanya kazi. Wajerumani wengi walikuja hapo na msumeno wao na umaskini wao, na kati ya hao walitoka baadhi ya mafundi wakubwa wa Ufaransa. Mwaka 1791 Mapinduzi yalivunja vyama vyote vya mafundi. Abasia nayo ilifungwa; tangu mwaka 1795 nyumba zake zikawa hospitali, nayo ingali na jina la Saint-Antoine.

Mmoja wa Wajerumani hao, Jean-Henri Riesener, alikuwa mkubwa wa marketeri katika siku za Mfalme Louis XVI. Serikali ya Mapinduzi ilipouza vyombo vya jumba la Versailles, mwaka 1793 na 1794, zaidi ya mafungu 17,000 kwa mnada, mzee huyu alikwenda akanunua tena baadhi ya kazi za mikono yake mwenyewe, akitumaini kuziuza kwa faida. Lakini macho ya watu yalikuwa yamegeuka. Maua yake ya mti, vikapu vyake, vivuli vyake vya mchanga wa moto, vyote vilinuka ufalme. Alikufa mwaka 1806.

Watu wapya walitaka nini? Walitaka Roma na Misri. Wachoraji wawili, Charles Percier na Pierre Fontaine, ndio waliotoa sheria ya mapambo katika siku za Napoleon, na kitabu chao cha michoro kilianza kutoka mwaka 1801. Katika kitabu hicho kila kiti kinataka kuwa kiti cha hakimu wa Kirumi, na kila kitanda kinataka kuwa madhabahu. Marketeri ya zamani ikawekwa kando. Ukuta wa kabati ukawa akaju tupu, uliong'aa kama maji, na juu yake zikapigiliwa sura za shaba yenye dhahabu: tai, mataji ya majani, wanawake wenye mabawa, simba wenye vichwa vya watu. Njumu ilibaki kama uzi tu, nyota ndogo ya bati au mstari wa mpingo. Mwanzoni, karibu na mwaka 1800, uzi huo ulitumika kwa adabu nzuri katika kazi za ndugu wawili wenye muhuri wa JACOB FRERES RUE MESLEE. Njumu zao za mpingo na bati katika akaju ni chache, zimenyooka, hazipigi kelele. Tungependa wangeendelea hivyo.

Lakini Georges wa pili, mkubwa wa ndugu hao, alikufa mwaka 1803, na mdogo wake, François-Honoré Jacob-Desmalter, akawa fundi wa Kaisari. Atelie yake ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 300, jambo ambalo chama cha zamani kisingalilikubali kamwe. Kazi yake kubwa iko Louvre: kabati la vito aliloagiziwa Malkia Joséphine, la mwaka 1809. Urefu wake unapita mita mbili na nusu. Mti wake ni amaranti na mti wa Ulaya uitwao if. Ndani yake mna njumu za gamba la chaza, na juu ya vyote imetandazwa shaba yenye dhahabu. Katikati kuna sura iliyochongwa na Chaudet, yaonyesha kuzaliwa kwa malkia wa dunia, na miungu midogo inakimbia kumletea zawadi.

Hatukatai ustadi wake. Kila kona imefungwa sawasawa, na shaba imechongwa kama kazi ya mfua dhahabu. Hata hivyo tukiulizwa kama ni kazi njema, tunajibu kwamba si njema. Mti umekuwa mtumwa humo. Amaranti, ambayo rangi yake ni ya zambarau nzito, haikuachiwa hata nafasi ya kiganja kimoja kusema neno lake. Popote jicho linapotaka kupumzika, shaba inaliamuru litazame kitu kingine. Chaza ni nzuri, lakini kandokando ya dhahabu nyingi namna ile, nani ataiona? Tena umbo lake ni uso wa hekalu. Hekalu la nini? La mikufu. Chombo kinachokulazimisha kuinamisha kichwa mbele ya mikufu kimepotea njia, hata kama kila kipande chake kimekatwa na malaika. Mwezi wa Desemba wa mwaka uleule Kaisari alimwacha Joséphine, na mwaka 1810 bibi mwingine, Marie-Louise wa Austria, aliingia nyumbani. Kabati halikubadilika, bibi ndiye aliyebadilika. Tukumbuke vilevile ya kuwa mwezi wa Julai wa mwaka huohuo, 1809, askari walikuwa wamemkamata Papa Pio VII katika Roma. Baadaye alifungwa Fontainebleau, tangu Juni 1812 hata Januari 1814, katika jumba lilelile walilolitengeneza na kulijaza vyombo vipya ili kumpokea kama mgeni mwezi wa Novemba 1804, alipokwenda kumtia Napoleon taji. Naye Jacob-Desmalter alifilisika mwaka 1813. Wakubwa waliagiza upesi na kulipa polepole.

Sasa tuje kwenye akaju yenyewe. Miti yenye undugu nayo tunayo porini kwetu, na maseremala wetu huijua. Lakini ile ya Paris ilitoka visiwa vya Amerika, hasa Saint-Domingue na Cuba. Nani waliikata? Watumwa weusi. Nao walitoka wapi? Tuseme bila kuficha: katika Saint-Domingue, miaka ya mwisho kabla ya vita vya uhuru, wengi sana kati yao walikuwa wamenunuliwa pwani za Kongo na Angola. Hao ni wazee wa nchi hii. Tarehe 20 Mei 1802 sheria ya Napoleon iliuimarisha tena utumwa katika makoloni. Toussaint Louverture, aliyewaongoza watu wa Saint-Domingue, alikufa tarehe 7 Aprili 1803 kwa baridi na kufungwa katika ngome ya Joux, milimani Ufaransa. Siku ya kwanza ya mwaka 1804 ndugu zake walitangaza uhuru wa Haiti. Na tarehe 2 Desemba ya mwaka huohuo Napoleon alitiwa taji. Msomaji aziweke tarehe hizi karibukaribu kama vipande vya marketeri, ndipo atakapoona picha. Sisi hatusemi mtu akatae kutazama meza ya akaju. Twasema tu kwamba anayeandika kurasa nyingi juu ya wekundu wake na hana hata mstari mmoja juu ya mikono iliyoukata, huyo ameandika nusu ya hukumu.

Tarehe 21 Novemba 1806, akiwa Berlin, Kaisari aliamuru bara la Ulaya lifungiwe Waingereza. Waingereza nao walishika bahari. Akaju ikawa haba, bei ikapanda, na maseremala wa Paris wakatazama miti ya nchi yao: ormi, frene, erabli, mjozi. Watu wengi hueleza mambo yote ya mbao nyeupe kwa amri hiyo, kana kwamba uhitaji peke yake ulizaa uzuri. Maelezo hayo ni mepesi mno. Namna ya mbao nyeupe ilistawi hasa baada ya mwaka 1815, na ilifika kilele chake chini ya Mfalme Charles X, tangu 1824 hata 1830, wakati bahari ilikuwa wazi na akaju imekwisha kurudi. Kwa hiyo kilichoanza kwa uhitaji kiliendelea kwa kupenda. Katika maonyesho makubwa ya kazi za Wafransa, ya miaka 1819, 1823 na 1827, mti wa nchi ulipata sifa. Jean-Jacques Werner, fundi aliyezaliwa Uswisi, alijitengenezea jina kwa frene na ormi. Na bibi mmoja wa jumba la mfalme, Duchesse de Berry, mjane tangu mwaka 1820, aliipenda namna hiyo, na wenye mali wakamfuata.

Tukieleze chombo kimoja cha namna hiyo, kile kinachoonekana mara nyingi: sekreteri ya erabli. Ni kabati lililosimama, si refu kushinda mtu. Juu lina jiwe la marumaru ya kijivu au nyeupe. Ubao wa katikati hufunguka kuelekea chini, ukawa meza ya kuandikia. Chini yake mna milango miwili au watoto wa meza watatu. Uso wote ni mweupe, wenye madoadoa kama macho ya ndege. Katika weupe huo zinapita njumu za amaranti: mstari mwembamba unaozunguka ukingo, ua moja mahali pa ufunguo, na juu yake majani ya mtende yanayofunguka pande mbili kutoka shina moja. Basi, hakuna tai wala simba. Shaba karibu haipo, labda kipete cha tundu la ufunguo.

Uzuri wake watoka wapi? Kwanza, pambo halikuletwa kutoka nje likapigiliwa misumari. Ni mti ndani ya mti, kwa usawa mmoja. Ukipitisha kiganja juu yake huhisi kitu, wala huwezi kujua kwa mkono mahali jani linapoanza. Pili, mchoro umejua kunyamaza. Robo tatu za uso ni erabli tupu, na macho yake madogo yanaonekana kwa sababu hayashindani na mtu. Tatu, na hilo ndilo tunalolipenda kushinda yote, mchoro mweusi unafundisha umbo. Ule mstari wa ukingo haupambi tu; unakuonyesha mahali mlango unapoishia, mahali pa kushika, mahali pa ufunguo. Katika kabati la Joséphine pambo linakuambia mwenye chombo ni nani. Katika sekreteri hii linakuambia chombo ni nini. Hiyo ndiyo tofauti kati ya namna hizi mbili, na kwa hiyo tunaitoa hukumu yetu bila kusitasita.

Lakini tusiipake namna hii mafuta kupita kiasi. Mambo matatu yanatuzuia.

La kwanza ni kurudiarudia. Kwa kuwa mbao zilikatwa pamoja kwa mafungu, atelie ziliweza kutoa majani ya mtende mengi yanayofanana kama watoto wa pacha. Baada ya kuona sekreteri kumi unaanza kuchoka na ule mtende. La pili ni wazimu ulioingia miaka ya mwisho kabla ya 1830, wa kutengeneza vyombo vya namna ya makanisa ya kale. Walikiita kwa jina la katedrali. Mgongo wa kiti ukawa dirisha la kanisa, na matao yake na maua yake ya jiwe, yote kwa mti. Dirisha la kanisa lilifanywa lilete nuru kwa waamini. Hapa limefanywa mtu aegemeze mgongo baada ya kula. Wakati mwingine kazi ya mkono ni safi kabisa, na kwa sababu hiyo kosa linaonekana zaidi.

La tatu ni zito. Wasemaji wa maonyesho walisifu mti wa nchi, lakini erabli yenye macho ya ndege ililetwa kwa wingi kutoka Amerika ya kaskazini, na ile sitroni yao ya manjano ilitoka visiwani. Na ule mstari mweusi? Amaranti hutoka Guyana. Katika Guyana ya Wafransa utumwa uliokuwa umekomeshwa mwaka 1794 ulirudishwa baada ya sheria za 1802, ukadumu hata mwaka 1848. Basi mtu asidhani ya kuwa kwa kuacha kabati jekundu na kupenda kabati jeupe ametoka katika habari ile ya visiwa. Habari imepungua upana, imekuwa mstari mwembamba, lakini ingali palepale, katika ukingo wa kila mlango. Tulipotambua hilo hatukuacha kuipenda sekreteri. Tuliendelea kuitazama, ila kwa macho yenye kujua.

Maneno machache juu ya wakati wetu, kwa ndugu watakaopata nafasi ya kuona kazi hizi katika Louvre, katika Fontainebleau au Malmaison, au katika nyumba ya makumbusho ya mapambo iliyo Paris. Wasiamini mihuri upesi. Baada ya mwaka 1791 hakuna sheria iliyomlazimisha fundi kutia muhuri, kwa hiyo kazi nyingi nzuri hazina jina. Na kwa kuwa jina la Jacob huongeza bei, mihuri ya uwongo si haba. Muhuri wa JACOB D. R. MESLEE ni wa miaka 1803 hata 1813. Ukiukuta chini ya kabati jeupe lenye mitende ya siku za Charles X, cheka kimyakimya na kuendelea. Watazame gundi kushinda muhuri. Nyumba za Ulaya zilipoanza kupashwa moto kwa mabomba, hewa yake ikawa kavu, ubao wa ndani ukajikaza, na ngozi ya juu ikaanza kuinuka na kupasuka kwa mistari mirefu inayofuata maungo ya mwaloni. Fundi mzuri wa kutengeneza huibandika tena kwa gundi ileile ya ngozi, ambayo fundi mwingine baada ya miaka mia ataweza kuilegeza kwa joto na maji. Fundi mbaya hutumia gundi ya kisasa isiyoachia, na kazi yake haitengenezeki tena.

Tena wajue kwamba rangi wanazoziona si zile walizoziona watu wa mwaka 1825. Jua limefanya kazi yake polepole. Erabli iliyokuwa nyeupe karibu kama karatasi imekuwa na rangi ya asali, na amaranti imepoteza zambarau yake, imekuwa kahawia, hata mtu asiyejua huidhani ni mjozi. Ule ukali wa nyeupe na zambarau, ambao siku zile ulikuwa wa kushtua kidogo, umekwisha kutulia. Sisi tunakiri ya kuwa utulivu huo ni sehemu ya sababu tunavipenda, na huenda mwenyewe Werner asingaliupenda. Lakini mlinzi akiwa mwema, mwombeni afungue ule ubao wa kuandikia. Ndani, katika vijitoto vya meza ambavyo havijaona jua ila mara chache, fundi kwa kawaida alirudia mstari uleule wa njumu. Na mahali hapo, nyuma kabisa, karibu na kona, amaranti ingali zambarau.